Uzi: Yai la bata limetoboka tangu jana na kifaranga hatoki. Nimsaidie au nimwache?

Mama_Riziki (Bukavu, Kadutu), Jumamosi saa 1 asubuhi

Bandugu, salamu. Wafugaji wa bata mlioamka, naomba msaada kabla sijagusa kitu.

Nina kuvezi (mashine ya kuangulia mayai) ya frigoliti, yale maboksi meupe mepesi ya povu, ile ya kutengenezewa mtaani, yenye feni ndogo na ampule (balbu) mbili. Nilipanga mayai ya bata weupe wa kawaida na leo ni siku ya 28. Tisa wameshatoka, wamekauka, wanapiga kelele kwenye katoni ya sabuni. Yamebaki matatu yanayoninyima usingizi.

Moja limetoboka jana asubuhi, tundu dogo tu, sauti naisikia ila ufa haujaongezeka. Jingine limetobolewa upande wa ncha, kule kwembamba, ambako chumba cha hewa hakipo. La mwisho halina tundu lolote, lakini nikilimulika kwa torshi naona kivuli cha mdomo ndani ya chumba cha hewa, na nikiliweka sikioni nasikia linagonga.

Usiku umeme ulikatika saa nane, ukarudi alfajiri. Kila saa nafungua mfuniko nione. Jirani anasema bandua maganda, watakufa humo ndani. Mama mkwe anasema ukiyagusa ndipo watakufa. Nimsikilize nani?

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi), saa 1:20

Mama Riziki, funga mfuniko kwanza, tutaongea ukishaufunga.

Kila ukifungua, mvuke unatoka wote mara moja. Utando ulio chini ya ganda unakauka na kumbana kifaranga, ndipo anashindwa kweli kugeuka. Nimeona watu wengi wakiua vifaranga kwa kuwachungulia kuliko kwa umeme kukatika.

Halafu usimpimie bata saa ya kuku. Kuku akitoboa asubuhi, mara nyingi usiku haumkuti ndani. Bata anatoboa, kisha analala. Saa 24 ni kawaida, 48 bado ni kawaida. Hilo la kwanza halina shida yoyote mpaka sasa. Mama mkwe wako mpe chai.

Chapchap_BKV (Bukavu), saa 1:35

Mimi nabandua tu, napunguza stresi. Kati ya watatu mmoja anapona 😂

Yaya_wa_Katuba, saa 1:41

Na wawili unawaua, mdogo wangu. Hiyo hesabu ungeificha.

Papa_Fundi (Goma, Himbi), saa 2:10

Habari za asubuhi. Mimi natengeneza kuvezi, basi nitaongea ya mashine, ya kifaranga nawaachia wengine.

Mama Riziki, termometa yako uliipima na nini? Nauliza kwa sababu kijana mmoja aliniletea yake akisema ni mbovu: aliitia kwenye maji yanayochemka ikaishia 95. Nikamwambia mbovu ni hesabu, si termometa. Goma na Bukavu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, na huku maji yanachemkia hapo hapo, hayafiki 100. Chukua termometa ya homa ya farmasi, zitie zote mbili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, uone kama zinakubaliana karibu na 37.5. Hiyo ndiyo joto ya kuvezi yenye feni. Isiyo na feni tunaiacha ipande kidogo, kama 38.3, ukipima usawa wa mgongo wa mayai, si chini kwenye sakafu.

Urefu huu una jambo jingine. Hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo, na yai linapoteza maji haraka kuliko lingekuwa pwani. Kwa hiyo siku za mwisho usizibe matundu ya hewa ili kubakiza mvuke. Kifaranga aliyeanza kupumua kwa mapafu anahitaji hewa kuliko wakati wowote. Ukitaka unyevu upande, ongeza upana wa maji: sahani pana, au kitambaa kilicholowa kinachoning'inia ndani ya sahani. Kina cha maji hakisaidii kitu. Kwa sasa unyevu uwe kati ya asilimia 70 na 80. Na ukiongeza maji, yawe ya moto kiasi, si ya bomba.

MtotoWaBirere (Goma), saa 2:30

Papa Fundi, kile kipimo cha unyevu cha Kichina tutajuaje kama kinasema kweli? Changu kinasema 40 hata mvua ikinyesha.

Papa_Fundi, saa 2:44

Chumvi. Jaza kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uache usiku kucha. Lazima kisome 75. Kikisoma 62, basi kinakudanganya 13 na utajumlisha kila siku.

Mwanafunzi_Mifugo (Lubumbashi), saa 3:15

Mama Riziki, shikamoo. Ninasoma mifugo hapa, niruhusu nieleze kinachotokea ndani, maana ukikijua utaamua mwenyewe bila kusubiri sisi.

Kabla ya kutoboa utando wa ndani, kifaranga hapumui kwa mapafu. Hewa inapita kwenye vitundu vya ganda na kuingia kwenye mishipa ya damu iliyotandazwa chini yake, pande zote. Anapoingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, mapafu yanaanza kazi. Hewa ya chumba kile inachafuka polepole, na huko kuchafuka ndiko kunakomshtua shingo mpaka anagonga ganda na kulitoboa. Halafu anatulia. Wewe unaona amelala, au umeshamhesabu mfu. Kumbe ana shughuli mbili: kurudisha damu ya mishipa ile mwilini, na kuvuta kiini chote kiingie tumboni kupitia kitovu. Akimaliza ndipo anajizungusha, anakata duara upande mnene, anasukuma kwa miguu.

Ukibandua ganda kabla hajamaliza, unakata mishipa yenye damu, na mwili wake hauna damu ya kupoteza. Au unamtoa na kiini kikining'inia kitovuni.

Kwa hiyo saa inakuambia wakati wa kuangalia tu. Ruhusa ya kubandua inatoka kwenye mishipa.

Hayo matatu ni mambo matatu tofauti. La kwanza Yaya amelimaliza. La upande wa ncha, kifaranga amekaa kichwa chini miguu juu. Hakupata chumba cha hewa cha kuanzia, amepita moja kwa moja mpaka nje. Wengine wanatoka wenyewe hivyo hivyo, ila hapo ndipo wengi wanakwama, maana hana nafasi ya kuzungusha shingo. Hakikisha tu tundu halijazibwa na utando au ute, mdomo upate hewa. La tatu, hesabu tangu ulipoona kivuli cha mdomo. Saa 24 zikipita hakuna tundu nje, mtobolee wewe kitundu kimoja juu kabisa ya chumba cha hewa, upande mnene, kwa ncha ya sindano nene iliyochomwa motoni ikapoa. Zungusha taratibu kwa vidole. Ukubwa wa kichwa cha pini unatosha. Hiyo ni ya kumpa hewa tu, si ya kumtoa.

Mama_Riziki, saa 6 mchana

Asanteni sana. Mfuniko nimeufunga, watoto nimewakataza chumba.

Termometa inakubaliana na ya homa. Kipimo cha unyevu sikuwa na usiku wa kukijaribu, nimeongeza kitambaa tu na kioo kimeanza kutoka jasho.

Nimefungua mara moja kuangalia. La kwanza utando wake ni mweupe, una unyevu, mdomo unatembea. La ncha, tundu ni kama punje ya mchele, na ukingo wa utando umekuwa kahawia, mgumu, kama ngozi ya maharage iliyokauka. Mdomo unaonekana na kile kijino cheupe juu yake, anasukuma lakini hausogei. Sauti yake ni ndogo kuliko asubuhi. La tatu bado linagonga, mdomo niliuona jana kwenye saa tatu usiku.

Yaya_wa_Katuba, saa 6:15

Kahawia na mgumu, hapo nakubali tuanze. Hapa Lubumbashi mwezi wa 9, kabla ya mvua, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na utando wa namna hiyo naukuta kila msimu. Akishabanwa hivyo hawezi kujilegeza mwenyewe.

Lakini kuanza si kumtoa. Papa Fundi, mweleze, mimi niko sokoni.

Papa_Fundi, saa 6:40

Sawa. Funga dirisha, chemsha sufuria kubwa ya maji uilete chumbani ikitoa mvuke, chumba kiwe na joto. Mbabula, lile jiko la makaa, ibaki nje! Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unawaua wao na wewe pia, hata ule usiouona.

Nawa mikono. Tafuta kibano, pamba za masikio, maji ya vuguvugu, na mafuta ya nazi kama yapo. Lowesha pamba, paka utando uliokauka kuzunguka tundu. Usiguse pua zake mbili zilizo juu ya mdomo, akivuta maji umemzamisha. Subiri kidogo. Utando ukilowa unakuwa wa kuonekana ndani. Sasa angalia na torshi: kuna nyuzi nyekundu? Zikiwepo, acha, rudisha kwenye kuvezi, jaribu tena baada ya saa nne au tano. Zisipokuwepo, toa kipande cha ganda peke yake, ganda tu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, utando uuache. Paka tena. Angalia tena. Kila kipande ni swali jipya.

Ukiona damu hata tone, kandamiza kwa pamba safi, usisugue, rudisha yai, na siku hiyo usiliguse mpaka usiku.

Na mwangalie mdomo. Akiwa anaufungua na kuufunga kama anayetafuna, bado anavuta kiini. Hapo hakuna haraka yoyote.

MtotoWaBirere, saa 6:52

Mafuta ya nazi kwetu ni ya wenye hela. Mawese je?

Papa_Fundi, saa 7:05

Mawese yatakuficha kitu kile kile unachokitafuta. Utando unageuka rangi ya mchuzi, mshipa uliojaa na usiojaa vinafanana. Maji ya vuguvugu yanatosha, ila yanakauka upesi, unarudia rudia.

Mzee_wa_Kabare, saa 8 mchana

Wanangu, mimi nimezaliwa kati ya bata. Mama bata hana kibano wala pamba za masikio. Anayeshindwa kutoka peke yake anaachwa ndani, na kizazi kinabaki chenye nguvu. Mnafuga vilema.

Mwanafunzi_Mifugo, saa 8:30

Shikamoo mzee. Kwa sehemu nakubaliana nawe: kifaranga aliyesaidiwa atiwe alama mguuni na asifanywe mzazi, maana udhaifu wa kutoka unaweza kurithiwa. Ila huyu wa ncha huenda hana udhaifu wowote. Yai likipangwa ncha juu, au lisipogeuzwa vizuri, kifaranga mzima anaweza kukaa vibaya. Na utando kukauka ni kosa la hewa ya mashine. Mama bata anarudi kwenye kiota na manyoya yenye maji ya bwawani, kuvezi haina bwawa.

Mzee_wa_Kabare, saa 8:50

Marahaba. Hapo pa manyoya umenishinda, nimewaona kwa macho yangu. Ila mimi bado nawaachia bata.

Bata_wa_Ruashi (Lubumbashi), saa 10 jioni

Samahani kuingilia. Mimi yangu yako siku ya 30, hakuna tundu hata moja. Nayatupa?

Yaya_wa_Katuba, saa 10:12

Bata wako wana nyama nyekundu usoni, hawalii kwa sauti, wanapumua tu hhhh?

Bata_wa_Ruashi, saa 10:15

Hao hao.

Yaya_wa_Katuba, saa 10:20

Hao ni Barbari. Siku 35. Endelea kugeuza mpaka siku ya 31 au 32, halafu acha, pandisha unyevu. Na usitupe yai la mtu yeyote bila kulimulika!

Mama_Riziki, saa 3 usiku

Ripoti. Saa saba na nusu nilianza la ncha. Utando ulipolowa niliona nyuzi mbili nyekundu, nyembamba kama uzi wa kushonea, upande wa kushoto. Nikatoa kipande kimoja upande ule usio na nyuzi, mdomo ukapata kutoka wote, nikarudisha. Nimeangalia tena sasa hivi: uzi mmoja umetoweka, mwingine umepauka. Lakini anatafuna tafuna. Nimeacha.

La tatu, saa tatu hii hii nimelitoboa kitundu juu. Hakuna damu. Linagonga, ila kwa kulegea.

Na umeme umekatika tena!

Papa_Fundi, saa 3:10

Usihangaike. Jaza chupa na bido (dumu) dogo maji ya moto, funga kwa kikwembe (kitenge), panga pembeni ya mayai bila kuyagusa, funika kuvezi na blanketi ila tundu moja la hewa libaki wazi. Yai la siku za mwisho lina joto lake lenyewe, litavumilia saa kadhaa za kupoa. Lisilovumilia ni kuzidi. Watu wanaogopa baridi wanajaza maji ya kuchemka, joto inafika 40 na zaidi, asubuhi wote wamekufa. Ibaki kati ya 35 na 37, ulale.

Mama_Riziki, Jumapili saa 2 asubuhi

La kwanza ametoka mwenyewe usiku! Nimemkuta amelala juu ya ganda lake, sikumgusa hata kidogo.

Chapchap_BKV, saa 2:15

Ehee! Mama mkwe 1, jirani 0.

Mama_Riziki, saa 11 jioni

La ncha naye yuko nje. Asubuhi mishipa yote ilikuwa imepotea na kutafuna kumekwisha, anapiga kelele na kusukuma. Nikaenda kipande kwa kipande mpaka karibu nusu ya ganda, kichwa kikajikunjua. Nilipofika hapo nikamrudisha na ile nusu ya chini, kama mlivyosema nisimvue yote, akajisukuma mwenyewe kama baada ya saa moja. Kitovu kimefunga, kina kiwambo kidogo kikavu, nimekigusisha betadini. Bado yuko kwenye kuvezi, amechoka, shingo anaiangusha na kuinua.

La tatu limekufa. Mchana liliacha kugonga. Nimelifungua: kiini bado kiko nje ya tumbo karibu chote, na maji mengi, ute unaovutika. Chumba cha hewa kilikuwa kidogo sana.

Yaya_wa_Katuba, saa 11:20

Pole, mama. Huyo hata ungemtoa jana asingeishi, kiini hakikuwa kimeingia. Yule aliyetoka mwache ndani mpaka akauke na kusimama. Asile leo, kiini alichokivuta kinamtosha siku nzima na zaidi. Ukimhamisha, mwekee kitambaa chini, katoni tupu inateleza na miguu inafunguka kando kando kama mkasi.

Papa_Fundi, saa 11:45

Maji mengi na chumba kidogo, hilo ni yai ambalo halikupoteza maji ya kutosha. Mama Riziki, uliweka sahani za maji tangu siku ya kwanza?

Mama_Riziki, saa 11:50

Ndiyo, mbili, zilikuwa zimejaa siku zote. Na wewe jana ulisema huku juu mayai yanapoteza maji haraka!

Papa_Fundi, saa 12:05 jioni

Nilisema na ni kweli. Ila Bukavu wakati wa mvua hewa yenyewe ina maji, ukiongeza sahani mbili umefuta faida yote. Kwa hiyo usifuate namba yangu wala ya karatasi iliyokuja na mashine. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Pima yai siku unapolipanga, pima tena kila wiki. Mpaka anapoingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, liwe limepungua kama asilimia 13 au 14. Yai la gramu 80 lifike karibu na 69. Likishuka polepole toa maji, likishuka haraka ongeza. Mimi mwenyewe hapa Himbi kuna miezi sitii maji kabisa mpaka siku ya 25.

MtotoWaBirere, saa 12:30

Hii ya mizani ingewekwa juu kabisa ya uzi.

Mwanafunzi_Mifugo, saa 1 usiku

Mama Riziki, la mwisho, chakula. Wengi wanawapa bata wachanga unga wa mahindi peke yake, na wiki ya pili au ya tatu miguu inalegea, wanakalia visigino. Bata anahitaji vitamini B3 kuliko kifaranga cha kuku, na ile iliyo kwenye mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri. Wewe uko kando ya ziwa: saga sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, changanya na chakula cha vifaranga, na karanga zilizosagwa kidogo. Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, wanasafisha pua zao humo. Kuogelea bado, wakilowa wanakufa kwa baridi.

Chapchap_BKV, saa 1:20

Mama Riziki, wakikua uniwekee majike wawili na dume mmoja. Nalipa.

Mama_Riziki, saa 1:32

Nitajuaje saa hii nani dume? Wote kumi na moja wanafanana.

Yaya_wa_Katuba, saa 1:40

Subiri sauti ibadilike, wiki ya sita au ya saba. Jike wa hao weupe atapiga kelele mpaka majirani walalamike, dume sauti yake inakwaruza kama mwenye mafua. Baadaye dume anaota manyoya ya mkia yaliyojikunja. Chapchap, hela ya posho utume kabla.

Chapchap_BKV, saa 1:44

Posho tena?